Kabla ya Karata, Tazama Kiti

Jumamosi usiku ukipita kwenye mabweni ya vyuo vya huku ughaibuni, hukosi kukuta meza ya poka. Wapo wanaocheza kwa maharage, wapo wanaocheza kwa vihela vya chai, na wapo waliojifungia chumbani na simu. Hawa wa mwisho hujui wanacheza kwa kiasi gani mpaka siku mmoja anapokuja kukukopa pesa ya chakula. Sisi tukikutana tunazungumza sana habari za viza, za baridi na za kubeba boksi, lakini hili la karata tunalipita kimya kimya, nadhani kwa aibu. Wengi tumelelewa tukijua kuwa kamari ni haramu, au angalau ni mambo ya wahuni. Kwa hiyo anayecheza hasemi, na asiyecheza haujui mchezo wenyewe, basi anabaki kuhubiri tu.

Mimi leo sitaki kuhubiri. Nataka kueleza jambo moja la mchezo huu, ambalo waujuao hulifundisha mapema kabisa: kwamba karata za kuanzia huchaguliwa kwa kutazama kiti ulichokaa. Hesabu yake niliifanya kwa makini mwaka jana nilipokuwa Bidiya, Oman, kwa sababu kulikuwa na ada ya mtu ya mwaka mzima iliyokuwa inaning'inia juu yake.

Bidiya, kwa wasioijua, iko Sharqiyah ya Kaskazini, kwenye njia ya kutoka Muscat kwenda Sur. Upande mmoja mitende, upande wa pili mchanga. Jangwa la Sharqiyah, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Wahiba, linaanzia pale pale nyuma ya majumba na kuteremka kusini kiasi cha kilomita 180. Watu wa sehemu zile wamekuwa na safari za Unguja, Pemba na bara tangu enzi za majahazi, na mpaka leo ukiingia dukani na Kiswahili chako unaweza kumkuta mzee wa kukujibu.

Mjomba wangu anakaa Al Mintarib, ndiyo mji mkuu wa Bidiya. Alizaliwa Unguja, akahamia Oman kijana katika miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwataka Waomani walioko nje warudi kwao. Kiswahili chake bado ni cha Mji Mkongwe. Watoto wake wanakisikia chote, ila wakikisema wanachanganya na Kiarabu, na siku hizi na Kiingereza cha kwenye simu.

Nilifika mwezi wa saba, msimu wa kuchemsha tende za mabsali, joto halina mfano. Siku ya pili tu mkaza mjomba akaniita jikoni. Kitinda mimba wao, kijana wa miaka 19, alikuwa amepata nafasi ya kusoma Uingereza kuanzia Septemba. Mjomba alikuwa ameuza gari na kipande cha shamba la mitende ili ada ipatikane, na pesa yote imewekwa kwenye akaunti ya kijana mwenyewe, maana chuo chake kinakubali kulipwa kwa awamu. "Sasa mwenzio anashinda na simu anacheza karata," akaniambia. "Nikimuuliza ananiambia atakuja kuizidisha ada ya baba yake. Zungumza naye, nyie mnafahamiana."

Basi nikamtafuta dogo. Hakunificha kitu. Alikuwa anacheza poka kwenye programu ya sarafu za bure, zile zisizo na thamani, na kutoka sarafu elfu kumi alikuwa amefika milioni nne. Habari za Chris Moneymaker alizijua zote: yule mhasibu wa Tennessee aliyeingia mashindano ya dunia ya poka ya mwaka 2003 kwa tiketi aliyoshinda kwenye intaneti, akatoka na dola milioni 2.5. Nikamuuliza kama anajua mashindano yale yalikuwa na watu wangapi. Walikuwa 839. Wale 838 waliobaki hakuwahi kumsoma hata mmoja.

"Kaka, mimi sitaitia ada yote," akasema. "Naanza na robo tu. Nikifika huko nitakuwa naruhusiwa, si kama hapa." Hilo la mwisho alikuwa na haki nalo, maana Oman kamari ni kosa la jinai.

Nilijua nikianza na "haramu" atanyamaza kwa heshima, kisha atafanya lake akiwa peke yake huko mbele. Nikamwambia, "Sawa. Nieleze unachaguaje karata za kuanza nazo." Akanieleza vizuri tu: ree anacheza, basha na bibi anacheza, jozi yoyote anacheza. Nikamuuliza, "Ukiwa umekaa wapi?" Akanitazama kama nimemuuliza amevaa viatu gani.

Kwa wasioujua mchezo, poka inayochezwa sana ni ile ya Texas Hold'em. Kila mtu anapewa karata mbili anazoziona yeye tu. Baadaye zinafunuliwa mezani karata tano za wote: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Baada ya kugawiwa, na baada ya kila ufunuo, watu wanasema kwa zamu kuzunguka meza. Unaweza kutupa karata zako, kufuata dau la mwenzio, au kupandisha. Mwenye karata tano bora mwishoni, au aliyewafanya wenzake wote watupe, anachukua chungu. Wawili waliokaa kushoto kwa mgawaji wanaweka dau la lazima kabla ya kuona chochote, na anayewafuatia ndiye wa kwanza kusema. Mgawaji yuko pazuri kuliko wote. Katika raundi ya kwanza wanaosema baada yake ni wale wawili tu wa dau la lazima, na katika raundi zote zinazofuata yeye ndiye wa mwisho. Kila mkono ukiisha, ugawaji unahama kiti kimoja.

Sasa hesabu. Karata mbili kutoka 52 zinatoa michanganyiko 1,326. Ukizikusanya zinazofanana thamani, ukatofautisha tu kama ni za alama moja (kopa kwa kopa, shupaza kwa shupaza) au za alama mbili, zinabaki aina 169. Jozi yoyote unaipata mara moja katika 17. Ree mbili, ndoto ya kila mtu, mara moja katika 221. Maana yake ni kwamba muda mwingi umeshika garasha, na muda mwingine umeshika kitu cha katikati. Ada za watu zinapotea kwenye hicho kitu cha katikati.

Nikachukua mfano wa ree na kumi za alama mbili tofauti. Dogo akasema huo ni mkono mzuri, yeye haachi. Nikamwambia tuandike karatasini mikono yote inayouzidi kwa mbali. Kuna jozi za ree, basha, bibi, ghulamu na kumi, kisha ree na basha, ree na bibi, ree na ghulamu. Ukiondoa zile mbili ulizoshika wewe, jozi hizo zinaweza kutokea kwa njia 24, na ree yenye mwenzake mkubwa kuliko kumi kwa njia 36. Jumla 60, kati ya michanganyiko 1,225 ya karata 50 zilizobaki. Kwa mtu mmoja ni kama asilimia 5, kitu kidogo sana.

Lakini mezani hamkai wawili. Meza ya watu tisa, ukiwa wa kwanza kusema, wako wanane nyuma yako ambao hujawasikia. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao ameshika mkono wa kukumeza unafika karibu asilimia 33, mara moja katika tatu. Karata zile zile, ukiwa mgawaji na wote waliotangulia wametupa, wamebaki wawili tu, na uwezekano unashuka mpaka kama asilimia 10. Karata ni zile zile, wino ule ule. Kilichobadilika ni kiti tu.

Ndiyo maana walimu wa mchezo huu wanasema kwamba kwenye meza ya watu tisa, aliyekaa kiti cha kwanza acheze karibu mkono mmoja tu katika kumi: jozi kubwa, ree na basha, ree na bibi, na vichache vya jirani yake. Kila unaposogea kuelekea kwa mgawaji unafungua mlango zaidi. Ukifika kwa mgawaji, na wenzako wote wametupa, unaweza kucheza hata mikono minne katika kumi, zikiwemo karata ambazo kwenye kiti cha kwanza ungezitupa bila kuzitazama mara mbili. Na kiti hakikulindi mwanzoni tu. Karata za mezani zikishafunuliwa, anayesema wa mwisho ameshaona nani kapandisha, nani kasita, nani kakata tamaa, na anaamua akiwa na habari zote hizo. Wa kwanza anaamua gizani.

Dogo alilielewa hili upesi kuliko nilivyotarajia, tena kwa njia yake. Bidiya vijana wana mchezo wao wa kupandisha magari kwenye vilima vya mchanga. Jioni wanakusanyika, wanapunguza upepo kwenye matairi ili yakae bapa, kisha mmoja baada ya mmoja wanakijaribu kilima. Akasema, "Kumbe ni kama gari la kwanza. La kwanza linawapimia mchanga wenzake. Likizama, wa pili anajua asipite pale." Nikamwambia ndivyo hasa, na ukitaka kuwa gari la kwanza uwe na injini kubwa. Huo ndio uchaguzi wa karata kwa kiti, umemaliza.

Mjomba alikuwa ameegemea mto pembeni kwenye sabla, chumba cha wageni, anakunywa kahawa yake na kujifanya hasikii. Hapo akaingilia. Akatueleza kwamba ujana wake Unguja walikuwa wakicheza karata za turufu barazani, wanne, wawili wawili, bila pesa. Kulikuwa na fundi mmoja hafungwi kirahisi, na huyo akigawiwa hakimbilii kuzifunua karata zake. Kwanza anatazama nani kagawa na nani anaanza, "maana anayetupa wa mwisho keshaona tatu za wenzake, na wewe wa mwanzo hujaona hata moja." Kisha akaturuhusu tucheze pale pale mbele yake, kwa masharti mawili: kisiwekwe kitu chenye thamani, na adhana ikisikika karata zinakunjwa. Maisiri imetajwa katika Sura ya al-Maida, aya ya 90, pamoja na ulevi, na yeye nyumbani kwake hana mjadala juu ya hilo. Tukakubaliana kucheza kwa kokwa za tende. Tende za khalas zilikuwepo sinia nzima, na kokwa zikishamaliza kazi zinakwenda kwa mbuzi.

Nikachagua mchezo mdogo kuliko poka kamili, ule aliouandika mwanahisabati Harold Kuhn mwaka 1950. Unahitaji karata tatu tu: basha, bibi na ghulamu. Watu wawili, kila mmoja anaweka kokwa moja katikati na kupewa karata moja, ya tatu inabaki imefichwa. Wa kwanza anapita au anaongeza kokwa moja. Wa pili anajibu. Mmoja akiongeza, mwenzake afuate au atupe. Mkifika mwisho, basha anamla bibi, bibi anamla ghulamu. Mtoto wa chekechea anaweza kuucheza. Lakini Kuhn alithibitisha kwamba hata wote wawili wakicheza bila kosa hata moja, anayesema wa kwanza anapoteza kwa wastani moja ya kumi na nane ya kokwa kila mkono. Karata za haki, sheria za haki, akili sawa, na bado kiti kina bei yake, nayo ni 1/18.

Kila mtu nikamwandikia kanuni zake za kucheza bila kosa. Zinahitaji udanganye mara moja moja kwa kipimo maalumu, kwa mfano wa pili akiwa na ghulamu na mwenzake amepita, aongeze mara moja katika tatu. Dadu hatukutaka kuzitumia mbele ya mjomba, basi tukawa tunatazama sekunde za saa ya simu. Zikiwa chini ya ishirini unadanganya, zikizidi unatulia. Dogo akakaa kiti cha kwanza mikono yote 180, na mimi cha pili. Kabla hatujaanza nikaandika mambo mawili kwenye karatasi, nikaikunja na kumpa mjomba aishike.

Ilituchukua usiku mbili. Mwisho wa mkono wa 180 tukahesabu kokwa. Dogo, kwenye kiti kibovu, alikuwa mbele kwa kokwa sita.

Alicheka mpaka akalala chini. "Kaka, hesabu zako zimelala!" Mama yake akachungulia mlangoni kuona kuna nini, na alipoambiwa, uso ukambadilika. Alikuwa ametegemea zile kokwa kuliko mimi.

Mjomba akaifunua karatasi. Jambo la kwanza niliandika kwamba kwa mikono 180 kiti cha kwanza kinatarajiwa kupoteza kokwa 10. La pili, kwamba bahati peke yake inaweza kuyumbisha matokeo kiasi cha kokwa 16 kwenda juu au chini, kwa hiyo mara moja katika nne aliye kwenye kiti kibovu atatoka na faida. Mwenye kusoma uhandisi atalitambua hili mara moja. Hasara ya kiti inakua sawasawa na idadi ya mikono, ila mtikisiko wa bahati unakua kwa kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Mwanzoni bahati ina sauti kubwa, inaifunika hasara. Kwa mchezo huu wa Kuhn inahitaji karibu mikono 450 ndipo viwili hivyo vilingane, na baada ya hapo hasara inaanza kupanda juu ya bahati bila kurudi nyuma.

Nikawasha kompyuta, nikaandika programu fupi yenye kanuni zile zile tulizotumia, nikaiachia icheze mikono milioni moja. Haikumaliza hata kikombe cha kahawa. Kiti cha kwanza kilikuwa kimepoteza kokwa kiasi cha 55,000. Dogo akaitazama ile namba muda mrefu, kisha akazitazama kokwa zake sita.

Hili, ndugu zangu, ndilo ninalotaka tulishike. Kiti kibovu hakikuumizi siku ya kwanza. Kingekuwa kinaumiza siku ya kwanza, watu wangeondoka mapema na ada zao salama. Kinakuacha ushinde kidogo, wiki moja, hata mwezi, uamini kwamba kilichokupa ni akili yako. Bei ya kiti inadaiwa polepole, na risiti inakuja ukiwa umeshakaa sana.

Lakini dogo hakuwa mjinga, akaja na hoja nzuri. "Kaka, kwenye poka ya kweli viti vinazunguka. Leo wa kwanza mimi, kesho wewe. Nikibana kwenye kiti kibovu na kufungua kwenye kizuri, si natoka na faida?" Ni kweli. Mchezaji anayechagua karata kwa kiti anamshinda asiyechagua, na hiyo ni elimu halali ya mchezo. Kama mezani mnacheza kwa maharage na wenzako hawajui habari za viti, utawafunga.

Ila kiti kimoja hakizunguki. Mwenye meza. Kwenye meza za pesa, iwe kwenye jumba au kwenye simu, mwenye meza anakata fungu lake kutoka kwenye chungu. Mara nyingi ni kiasi cha asilimia 5, kwa kikomo fulani. Yeye hagawiwi karata, hatupi, hasiti. Anasubiri wote mmalize kusema, ndipo anachukua. Hakuna anayekaa nyuma yake.

Tukafanya hesabu ya mwisho kwa kokwa. Wawili wenye akili sawa, kila mmoja ana kokwa 100, na chungu kwa wastani kina kokwa 10. Mwenye meza anakata asilimia 5, yaani nusu kokwa kila mkono. Wawili hawa watapokezana ushindi, leo huyu, kesho yule, kila mtu na hadithi zake za jana usiku. Baada ya mikono 400 kokwa zote 200 ziko kwa mwenye meza. Kwenye simu, ambako karata hazichangwi kwa mkono na hakuna anayekwenda kuchukua kahawa, mikono 400 si kazi kubwa.

"Labda niwe na akili kuwazidi," akasema. Nikamwambia labda. Lakini kwanza ujue uliokaa nao ni nani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba programu yao, Cepheus, kimsingi imeumaliza mchezo wa poka wa watu wawili wenye dau la kikomo. Nao waligundua lile lile la Kuhn: mgawaji, ambaye baada ya raundi ya kwanza ndiye anayesema wa mwisho, anafaidi kila mkono kwa wastani wa karibu asilimia 9 ya dau kubwa la lazima. Mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, iliwafunga wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Siku hizi mtu anayeichukulia poka kama kazi anasoma kwa programu za namna hiyo kila kiti na kila karata, kama sisi tunavyosoma majedwali ya bimu na nguzo. Kwenye skrini humuoni uso. Unaona jina la kubuni na picha ya paka. Hujui kama ni mwanafunzi mwenzio aliyekosa usingizi au ni mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi. Yeye baada ya nusu saa anakujua wewe. Huko nako ni kusema wa kwanza.

Na tuwe wakweli: wengi wetu wanafunzi tuliotoka nyumbani tumekaa kiti cha kwanza kabla hata ya kugusa karata. Pesa tuliyonayo ni ya shamba la mtu. Ikipotea hatuna mzazi wa kupigia simu aongeze kesho, na viza yetu imefungwa kwenye ada hiyo hiyo. Mwenzetu wa hapa akipoteza robo ya pesa zake anarudi kwao wikiendi anakula. Sisi tukipoteza robo tunakosa usajili. Karata ambazo kwake zinachezeka, kwetu ni za kutupa.

Neno hili "kutupa" ndilo gumu kwa vijana. Tunaliona kama woga. Lakini mchezaji mzuri wa poka, aliyekaa kiti cha kwanza, anatupa mara tisa katika kumi, na hakuna anayemwita mwoga. Anaitwa mchezaji. Kutupa mapema, kabla hujaweka hata kokwa moja, hakukugharimu kitu. Kinachogharimu ni kutupa katikati, ukiwa umeshaweka nusu ya ulicho nacho na unaona uchungu kuiacha.

Sikumwambia dogo afanye nini. Tulimaliza hesabu, kokwa zikaenda kwa mbuzi, na siku mbili zikapita hajalitaja tena. Siku ya tatu asubuhi, tunakula mkate na chai ya maziwa, akamwambia baba yake, kama anayeomba chumvi, kwamba afadhali ile ada mzee ailipe mwenyewe moja kwa moja chuoni, yote ya mwaka, isikae kwenye akaunti yake. Mjomba akauliza kuna tatizo gani. Akajibu, "Hamna tatizo, baba. Niko kiti cha kwanza tu."

Mjomba hakuuliza zaidi. Mama yake alimwongezea chai ambayo hakuiomba. Ada ililipwa wiki ile ile, risiti nimeiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama Jumamosi unakaa na wenzako kwa maharage, cheza, na uchague karata zako kwa kiti. Utaona faida yake katika usiku chache. Na kama wewe ni yule wa chumbani na simu, nakuomba kitu kimoja. Chukua karatasi, uandike mikono yote uliyocheza mwezi uliopita, ulichoingiza na ulichotoa, pamoja na alichokata mwenye meza. Usitazame usiku ulioshinda peke yake. Ukiona namba zinakutisha, njoo tuzungumze, mimi au kiongozi yeyote wa jumuiya unayemwamini. Hatutakuhubiria. Tutakusaidia kupanga chakula mpaka mwisho wa muhula, na kutafuta namna ya kuandikia chuo barua kabla hawajakuandikia wao.